Taa Bila Mafuta

Jumapili kengele ikilia, njia za vijiji vyetu hujaa kanzu nyeupe na kanga zilizopigwa pasi. Twafurahi kuziona. Lakini twataka kuuliza neno moja, wala tusikasirikiwe: je, mioyo nayo imefuliwa?

Twauliza kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia wenyewe. Mama mmoja mjane alikaa nje ya kanisa, chini ya dirisha, akaisikiliza ibada yote huko. Tulipomwuliza sababu, akajibu kwamba nguo yake ina viraka, na mzee mmoja wa kanisa amemwambia asiliaibishe kusanyiko. Mzee huyo alikuwa ameketi mbele, Biblia mkononi. Na mbuzi aliyemtwaa kwa mjane yule, kwa deni lililokwisha kulipwa, alikuwa bado zizini mwake. Basi kati ya hao wawili, ni nani aliyeliaibisha kusanyiko?

Wako watakaosema, "Vazi safi ni kumheshimu Mungu." Ni kweli, wala sisi hatuhubiri uchafu. Wengine watasema, "Jina langu limo katika kitabu cha ubatizo." Ni vema. Lakini karani huandika jina kwa wino; toba hawezi kumwandikia mtu.

Bwana wetu alipotoa mfano wa wanawali kumi, wote kumi walikuwa na taa. Mpita njia asingaliweza kuwatenga wenye busara na wapumbavu, kwa kuwa tofauti yao ilikuwa katika mafuta, nayo haikujulikana mpaka usiku wa manane. Sisi nasi twaijua kandili. Waweza kuisugua chemni mpaka ing'ae, na utambi ukaukata vizuri. Usipotia mafuta, giza ni lile lile. Na saa ile duka limekwisha fungwa.

Usiku wa manane uliwafikia vijana wa Buganda mwaka 1886, Kabaka Mwanga alipowahukumu waliokuwa wakijifunza dini jumbani mwake. Kizito, kijana wa miaka kama 14, alikuwa bado hajabatizwa. Alibatizwa usiku na mwenzake Karoli Lwanga, na kulipokucha wakahukumiwa. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Ubatizo wake ulikuwa haujatimiza majuma mawili. Hakuwa na cheo wala kiti cha mbele. Lakini moto ulipokuja, ulimkuta tayari. Hatusemi ubatizo ni kitu kidogo, maana yeye mwenyewe aliutamani. Twasema kwamba aliuendea na moyo uliokwisha kutolewa. Je, sisi tuliobatizwa miaka 20 iliyopita, twaweza kusema hivyo?

Wazee walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tusiwe mikakasi katika nyumba ya Mungu.

Basi Jumamosi, kabla ya kutia makaa katika pasi, kila mmoja wetu na ajiulize: Ni nani ninayemnunia? Kitu cha nani kimo nyumbani mwangu? Akimpata mtu huyo, na amwendee siku ile ile. Mbuzi arudishwe kwanza, kanzu ipigwe pasi baadaye. Na mama yule aliye chini ya dirisha aitwe, aingie, aketi pamoja nasi.