Mzigo Usiopimwa kwa Mizani

Kila siku ya masomo, kabla jua halijapasua baridi ya Pioneer, utawaona akina mama wakiwaharakisha watoto kwenda shuleni, mkono mmoja ukimshika mtoto na mwingine ukiishika simu. Mimi ni mwalimu, na nimeishi katika mtaa huu wa Eldoret miaka mingi. Muda huo wote niliamini kuwa naujua uchovu wao: uchovu wa kufua, kupika na kukimbilia matatu. Kumbe sikuujua.

Aliyenifumbua macho ni mzazi mmoja niliyemwita shuleni ili anieleze kwa nini bintiye wa gredi ya nne alikuja bila vifaa nilivyoagiza. Nilimuuliza kwa ukali usionistahili. Badala ya kujitetea, alianza kutaja mambo, moja baada ya jingine, kama asomaye orodha: kesho mdogo wake huyo binti anakwenda chanjo; unga umebaki wa siku mbili; stima ya tokeni inakaribia kukatika; mama mkwe anakuja Jumamosi na hali vyakula vyenye chumvi; sweta ya kifungua mimba imekuwa fupi. "Mwalimu," akamaliza, "mikono yangu hupumzika saa nne usiku. Kichwa ndicho kisicholala."

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka wa 1984 mtaalamu wa elimu-jamii wa Kifaransa, Monique Haicault, aliandika juu ya mwanamke ambaye mwili wake uko kazini ilhali akili yake inaendesha nyumba, na akiwa nyumbani akili hiyo hiyo hurejea kazini. Hapo ndipo tulipopata dhana ya mzigo wa akili. Si kazi yenyewe, bali ni kuikumbuka kazi, kuipanga, kuitabiri na kuhofia itakayosahauliwa. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu hata kanda halionekani.

Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa wanawake wa Kenya hutumia asilimia 18.7 ya siku yao katika kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo, nao wanaume asilimia 3.6. Hizo ni kama saa nne na nusu kwa chini ya saa moja. Lakini saa za namna hiyo huhesabu zaidi kazi inayoonekana. Yule aliyelala kitandani akijiuliza iwapo alilipia basi la shule, atahesabiwa kuwa amelala.

Mwili, hata hivyo, haudanganyiki. Mtu anayeishi katika tahadhari isiyokoma hutokwa na homoni za mfadhaiko zaidi ya kiasi. Usingizi hukatika, kichwa huuma, shinikizo la damu hupanda. Kwa mama aliyejifungua karibuni hatari ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea takriban mwanamke mmoja kati ya watano hupatwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Sisemi kuwa mzigo wa akili pekee ndio chanzo. Umaskini, upweke na ugomvi wa nyumbani vimo. Nasema kwamba huyu mgonjwa ndiye tunayemtarajia akumbuke kila kitu.

Tazama kliniki zetu. Mtoto huchanjwa azaliwapo, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na tena mwezi wa 9 na wa 18. Kila mara huwekwa kwenye mizani na uzito wake ukaandikwa kitabuni. Tarehe zote hizo zimo kichwani mwa mama. Je, naye huulizwa hali yake? Tangu 1987 kuna hojaji ya Edinburgh, maswali 10 tu, inayojibiwa kwa dakika chache na kumtambua mama anayeelekea kwenye sonona. Eldoret ina hospitali ya rufaa na chuo cha udaktari. Hatuwezi kusingizia umbali.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama mwajiriwa likizo ya miezi mitatu yenye mshahara, na baba wiki mbili. Muuza mboga wa Langas, jirani zetu hapa, hana hata siku moja.

Nasi walimu tusijitoe. Mtaala wa umilisi ulipoanza mwaka wa 2019 ulimtaka mzazi ashiriki katika masomo, na nia ilikuwa njema. Ila "mzazi" huyo, kwa vitendo, ni mama. Ujumbe hutumwa saa tatu usiku: kesho kila mtoto aje na katoni, gundi na mbegu za aina tatu. Baba mwema naye husema, "Niambie nisaidie nini," asijue kuwa huko kumwambia nako ni kazi. Nakiri kuwa akina baba wana wasiwasi wao wa kutafuta pesa, na si mdogo. Wapo pia akina mama wasio na wa kugawana naye chochote. Kwao shule ikichelewesha taarifa imewaumiza maradufu.

Nilipofungua rejista yangu, karibu nambari zote za simu zilikuwa za akina mama. Sasa natuma mahitaji ya wiki nzima siku ya Ijumaa, na nimeomba nambari ya pili kwa kila mtoto mwenye mlezi mwingine. Baba wa kwanza kunipigia alianza kwa kuniuliza mwanawe yumo gredi ya ngapi. Hakuwa mtu mbaya. Katika miaka yote hiyo, mimi mwalimu sikuwahi kumpigia hata mara moja.