Kwa Nini Ujitese?

"Kwa nini ujitese?" Ndivyo niulizwavyo kila nisemapo kwamba mfumo unaoendesha kompyuta yangu nimeujenga mwenyewe, kutoka maandishi ya programu kama watunzi wake walivyoyaandika. Chakula kimekwisha pikwa, waniambia, nawe wang'ang'ania kutwanga!

Siikatai hesabu yao. Mfumo uliojengwa tayari huwekwa kwa nusu saa; wangu ulinichukua siku mbili. Mara ya kwanza ujenzi ulikwama kwa kukosa faili moja tu. Nililitafuta hadi alfajiri, na kulipokucha nilikwisha jua kipi hutegemea kipi. Faida hiyo hawaihesabu.

Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, huja na haki ya kuyasoma maandishi yake, kuyabadili na kuyagawa. Haki hiyo ni ya nini, ndugu msomaji, ikiwa hapana aitumiaye? Njia isiyopitwa huota nyasi.

Wajuzi nao hunipinga: Ken Thompson alionyesha mwaka 1984 kwamba kompaila, yaani programu igeuzayo maandishi kuwa lugha ya mashine, yaweza kutia hila isiyoonekana popote katika maandishi hayo. Ni kweli. Lakini je, kwa kuwa mwizi aweza kupenya darini, tuache mlango wazi?

Simtaki mtu afanye hivi kila mwezi. Afanye mara moja. Aliyewahi kuingia jikoni hadanganywi kirahisi na mpishi.