Mkopo wa mtumishi: theluthi inayobaki na mwezi wa kuomba

Mkopo wa benki kwa mtumishi wa umma Tanzania hubanwa na kanuni moja kuliko zote: baada ya makato yote, lazima ibaki theluthi ya mshahara wa msingi. Kwa mwalimu wa Buzuruga, Mwanza, anayelipwa shilingi 900,000 kwa mwezi, hiyo ni 300,000 isiyoguswa. Mfuko wa pensheni, PSSSF, huchukua asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, kwa aliyesomeshwa nayo, 15. Kodi, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 91,750. Zinabaki 583,250, hivyo rejesho haliwezi kuzidi 283,250 kwa mwezi.

Deni la Bodi likiisha, 135,000 hufunguka na kikomo hupanda hadi 418,250. Anayeomba mwezi mmoja kabla hupigiwa hesabu ya zamani, maana benki husoma hati ya mshahara, si matarajio. Aliyepanda daraja naye asubiri mshahara mpya uingie kwenye hati. Rejesho lililocheleweshwa benki moja, benki nyingine huliona kupitia kanzidata ya Benki Kuu, kwa hiyo lisafishwe kwanza.

Njia ya hatari ni kurefusha muda ili rejesho litoshee chini ya kikomo. Ombi hupita, lakini riba hulipwa miaka mingi zaidi, na familia ndiyo inayobanwa. Kama mkopo ni wa ada ya shule na ada hiyo inaweza kungoja miezi miwili hadi kikomo kipande, ni heri kungoja.