Vyama na Vichwa vya Watu

Nataka kuwajibu wale wasemao ya kuwa mtu wa chama kingine ameumbwa na ubongo mwingine, na kwa hiyo hafai kuaminiwa hata kwa ufunguo wa ghala. Neno hili nalisikia Mbulu na Hanang, na lililo baya zaidi, wasemaji wake hudai ya kuwa wataalamu wamelithibitisha.

Wataalamu hawakusema hivyo. Mwaka 2013 Darren Schreiber na wenzake walitangaza habari za Wamarekani 82 waliochezeshwa mchezo wa bahati ndani ya mtambo uonyeshao jinsi damu inavyokimbilia sehemu za ubongo. Mchezaji aliweza kuchukua senti 20 bila hofu, au kungojea 40 au 80, akijua ya kuwa huenda akazipoteza. Kisha kikatazamwa chama cha kila mtu. Ni kweli, tofauti ilionekana: kwa wafuasi wa Republican iliamka zaidi amigdala ya kuume, sehemu iangaliayo hatari, kwa wale wa Democrat iliamka zaidi insula ya kushoto, sehemu isikiayo hali ya mwili. Hapo ndipo wasimulizi wetu wafungapo kitabu! Walakini wameliacha lililo kubwa: watu wa vyama vyote viwili walijihatarisha sawasawa. Fikira zilipita njia mbili, mikono ikachagua yale yale.

Tena haikuonyeshwa kipi kilitangulia, ubongo au chama. Mkulima wa vitunguu saumu huota sugu mikononi. Je, tuseme alizaliwa nayo?

Na tuwaache Wamarekani, ambao hawakuulizwa habari za CCM wala CHADEMA. Bwana Frederick Sumaye, mtu wa Hanang, alikuwa Waziri Mkuu katika Serikali ya CCM tangu 1995 hata 2005. Mwaka 2015 akaingia CHADEMA, na mwaka 2020 akarudi CCM. Mbulu nayo ilimpeleka Bungeni mtu wa CHADEMA mwaka 2010, na mwaka 2015 ikapeleka watu wa CCM. Mimi simlaumu mtu kwa kuhama. Nauliza tu, ni nani aliyepita usiku nyumba kwa nyumba akibadilisha vichwa vya watu wa Mbulu?

Wala jambo hili si la mzaha. Katika kijiji kimoja nilichokaa, mtu aliyejua hesabu kuliko sisi sote alikataliwa kuwa mtunza fedha za maji, ati kichwa chake ni cha upande ule. Hakuna aliyempa hata hesabu moja ya kujumlisha. Akachaguliwa mwingine mwenye kadi ipendezayo, asiyejua kuandika stakabadhi, na watu wakashangilia. Bomba lilipopasuka, fedha za kulitengeneza zikaulizwa, na daftari likaletwa mkutanoni likiwa na kurasa tupu.