Wati 8 zinawezaje kuzishinda wati 5,000?

Mavuno yakiisha, sherehe zinaanza, na simu tunazopokea huwa na malalamiko ya aina moja. Tumenunua sabufa imeandikwa wati 5,000, mbona wageni wa nyuma hawasikii? Na mbona betri ya sola inakata kabla ya zawadi kutolewa? Siku hizi swali hilo limepata mwenzake. Wasikilizaji wameona kwenye simu video za amplifaya za vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama taa. Amplifaya hiyo ina wati 8 tu, lakini chumba kikubwa kinajaa muziki. Je, nani anadanganya hapo?

Jibu letu ni kwamba wati 8 zinatosha kabisa, zikipata spika inayozifaa. Za kutilia shaka ni zile 5,000.

Namba ambayo muuzaji haitaji

Wati ni nguvu ambayo amplifaya inaipeleka kwenye spika. Sauti yenyewe hupimwa kwa desibeli. Kila spika ina namba inayoonyesha itatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1, kipimo kikiwekwa mita 1 mbele yake. Namba hiyo huitwa unyeti wa spika. Mkulima ataelewa haraka: wati ni mbolea, spika ni mbegu. Mbegu mbovu hata uimwagie mbolea kiasi gani, gunia halijai.

Spika ndogo za sabufa za nyumbani huwa karibu na desibeli 85. Spika nzuri za ukumbini za inchi 15 huwa kati ya 95 na 99. Honi, zile zenye mdomo mpana zinazofungwa juu ya msikiti au gari la matangazo, hufika 105 na kuendelea.

Ukisikia 85 na 95 unaweza kusema tofauti ni ndogo. Lakini desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila desibeli 3 unazopungukiwa, unahitaji wati mara mbili. Ukipungukiwa desibeli 10, unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo spika ya 85 inataka wati 40 kutoa sauti ambayo spika ya 95 inaitoa kwa wati 4.

Watu wa zamani walilijua hili kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Kabla ya transista, wati zilikuwa ghali. Vali maarufu ya Marekani iitwayo 300B, iliyotoka mwaka 1938, ikitumika peke yake hutoa wati 8 hivi. Mafundi wakahangaika na spika badala ya amplifaya. Paul Klipsch alileta sokoni mwaka 1946 spika ya honi iitwayo Klipschorn, ambayo bado inatengenezwa, na kampuni yake inaiandika desibeli 105. Ukiipa wati 8, inafika desibeli 114. Spika ya sabufa ya 85 ingehitaji wati zaidi ya 700 kufika hapo, na ingeungua mapema njiani.

Hizo 5,000 zinatoka wapi?

Mara nyingi pembeni ya namba hiyo kuna herufi PMPO. Hicho si kipimo chenye kanuni moja. Kila kiwanda kinaweza kuandika kinavyopenda. Lakini unaweza kupima ukweli hapo hapo dukani bila fundi. Geuza sabufa, au soma adapta yake. Ikiwa imeandikwa volti 12 na ampea 2, zidisha: ni wati 24. Kama haina betri ya ndani, haiwezi kuendelea kutoa zaidi ya inachokula.

Tatizo hili si la vijijini kwetu peke yetu. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliweka kanuni mwaka 1974 kwa sababu wauzaji wa amplifaya za nyumbani walikuwa wakipandisha wati kwa maneno. Mwaka 2024 ikaikaza tena, ili wati zinazotangazwa zipimwe kwa namna moja na mnunuzi aweze kulinganisha. Ikiwa wao wamehitaji sheria, sisi tunaonunua kwa fedha za kikundi au sadaka za waumini tuna sababu kubwa zaidi ya kuuliza.

Basi tununue amplifaya ya vali?

Kwa anayetegemea sola, ushauri wetu ni hapana. Vali moja ya 300B hula wati 6 kwa kupasha moto waya wake tu, kabla hata wimbo haujaanza. Amplifaya ndogo za kisasa za volti 12 hutumia umeme vizuri zaidi. Tunachopaswa kuiga kwa wenye vali ni namna wanavyochagua spika.

Tuchukue betri ya volti 12, ampea 7. Ina wati 84 kwa saa moja, na kwa betri ya asidi ni vizuri kutumia nusu tu, yaani 42. Mtambo unaokula wati 60 utaimaliza nusu hiyo chini ya saa moja. Unaokula wati 10, wenye spika inayoitikia upesi, utakwenda saa nne. Sherehe inaisha muziki ukiwa bado unalia.

Kabla ya kulipa

Kwanza, uliza desibeli za spika. Muuzaji asipojua, tafuta namba ya modeli kwenye simu yako.

Pili, amua kazi yake. Honi ni ya hotuba na adhana, besi haina. Kwa muziki, tafuta inchi 12 au 15 ndani ya boksi kubwa. Anayekuahidi boksi dogo, besi nzito na sauti kubwa kwa wati chache, mwache aende. Mawili kati ya hayo yanawezekana, lakini yote matatu kwa pamoja hayapatikani.

Tatu, linganisha omu. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 isifungwe spika ya omu 2; itaungua. Na ukikutana na amplifaya ya vali, usiiwashe bila spika, kwani transfoma yake inaweza kufa.

Nne, omba ujaribu. Simama mbali na duka, si mbele ya spika. Wageni wa nyuma ndio unaowanunulia.