Usimtumie Shosho Linki

Kila familia ina grupu ya WhatsApp, na kila grupu ina yule mtu wa linki. "Picha zote ziko hapa, bonyezeni tu." Halafu anarudi zake kazini akijua amemaliza. Leo nataka kubishana na huyo mtu. Nimewahi kuwa yeye, kwa hivyo najua anavyofikiria: kazi ni kusambaza picha, na zikishasambaa, kazi imeisha. Mimi nasema hata haijaanza. Tena nasema programu nyingi tunazotumia kutengeneza kumbukumbu za familia tunazichagua kwa ajili yetu sisi, si kwa ajili ya wenye picha.

Mwenye picha kwetu ni Shosho. Anaishi Kabazi, upande wa Subukia, kaunti ya Nakuru. Ana simu ya mulika mwizi, televisheni moja, na mashine ya DVD iliyofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Chini ya kitanda ana mkebe wa biskuti uliojaa picha: za harusi, za ubatizo, za studio za Nakuru mjini zenye pazia lililochorwa maua, na moja ya Guka akiwa kijana, amesimama katikati ya mibuni na koti ambalo kila mtu anasema halikuwa lake. Disemba iliyopita familia ikaamua picha hizo zitengenezewe onyesho, kila nyumba ipate nakala. Nikapewa kazi mimi kwa sababu, kulingana na grupu, mimi ndiye mwenye muda.

Ushauri ukamiminika. Binamu mmoja akasema kuna apu ya simu yenye templeti, unamwaga picha ndani na dakika tano umemaliza. Mwingine akasema pandisha zote kwenye wingu, zitajipanga zenyewe. Tata akasema kuna kijana wa saiba anafanya hizo vitu vizuri sana, na ana maua yanayoanguka. Jumbe zilifika mia na kitu. Hakuna aliyeuliza Shosho atatazamia wapi.

Nikafuata templeti. Picha 60, wimbo uliokuwa unapendwa mwezi huo, nyuso zinaruka kufuata ngoma. Jumla dakika mbili na nusu. Piga hesabu: kila mtu wa ukoo wetu, hai na marehemu, alipewa sekunde mbili na nusu. Kuiweka kwenye DVD nikatumia programu ya majaribio, ambayo jina lake naliacha, na sikugundua mpaka tulipokuwa tumekaa wote sebuleni kwamba ilikuwa imepiga muhuri wake katikati ya kila picha. Guka akatokea na maneno ya Kiingereza kwenye paji la uso yakimwambia anunue toleo kamili.

Shosho hakujali muhuri. Alisema, "Rudisha hapo. Huyo ni nani?" Nikarudisha. Picha ikapita tena. Akasema rudisha. Mara ya tatu akaegemea kiti na kusema, "Basi, ni nzuri." Hiyo "ni nzuri" ndiyo anayoitumia akiletewa chai iliyopoa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kasi. Hizi apu zinajua mtu wa kuangalia simu ana subira ya kidole gumba. Zimetengenezwa kwa video fupi, na kwa hiyo kazi ziko sawa kabisa. Lakini mtu wa miaka themanini na kitu hatazami picha kama sisi. Anaanza na uso, anaenda kwenye nguo, anaangalia nani amesimama kando, halafu anakumbuka. Hiyo safari inachukua sekunde kumi au zaidi. Picha 60 kwa sekunde kumi ni dakika kumi tu. Tunakaa dakika tisini kutazama Gor Mahia wakitoka sare, halafu tunasema dakika kumi za ukoo mzima ni ndefu, zitaboesha watu. Zitamboesha nani? Shosho ndiye mgeni wa heshima hapa, na Shosho hajaboeka.

Kosa la pili lilikuwa kuamini programu kwa sababu ilikuwa maarufu. Angalia makaburi. Windows Movie Maker, ambayo wengi wetu tulijifunzia, Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2017. Windows DVD Maker ilikuja na Vista na Windows 7, kufika Windows 8 ikawa haipo. ProShow ilitegemewa na watu wengi wa harusi na mazishi, na Januari 2020 kampuni yake Photodex ikafunga milango. Google Photos ilianza 2015 ikitoa nafasi bila kikomo, bure, ukikubali ubora uliopunguzwa. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya zile GB 15 za akaunti, na ukizijaza unalipa. Sisemi hao watu ni wezi. Ni biashara, na biashara hubadilisha nia. Ninachosema ni kwamba mkebe wa biskuti haujawahi kumtumia Shosho ujumbe kwamba nafasi imejaa.

Kwa hivyo kigezo changu cha kuchagua programu sasa ni kimoja: ile kampuni ikifa kesho, Shosho atabaki na nini mkononi? Kama jibu ni "linki isiyofunguka", hapana. Kama jibu ni "kitu kinachocheza kwenye mashine yake bila kuomba ruhusa kwa mtu", sawa.

Najua utaniambia DVD imepitwa. Laptopu mpya hazina hata mahali pa kuiingiza. Kweli, mimi mwenyewe niliazima kichomeo cha kuchomeka kwa USB. Utaniambia CD hukwaruzika, na jua la Bonde la Ufa likiipiga dirishani itaharibika. Kweli pia. Na utaniambia wingu linaokoa. Hapo nanyamaza kidogo, kwa sababu Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka usiku huko Solai, si mbali na kwetu, likaua watu zaidi ya 40, na nyumba zilizosombwa ziliondoka na kila kilichokuwa ndani. Mkebe wa biskuti hauwezi kushindana na maji. Wingu lingeweza.

Basi weka wingu. Weka flashi mbili, weka nakala kwa shangazi, weka kila mahali. Sipingi hifadhi. Napinga kuchanganya hifadhi na zawadi. Hifadhi ni yetu sisi wenye bando na nywila. Zawadi ni ya yule anayepewa, na inapaswa kufunguka kwa mikono yake. Ukimpa Shosho linki, umemfanya aombe kuona picha zake mwenyewe. Atangoje mjukuu mwenye simu kubwa aje Krismasi, na mjukuu akija atakuwa na haraka. Picha zilikuwa chini ya kitanda chake. Tukazichukua, tukazipiga skani, na sasa yeye ndiye wa mwisho kuziona. Huo ni unyang'anyi, hata kama tuliufanya kwa mapenzi.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Niliporudi kurekebisha, sikutafuta programu yenye maua mengi zaidi. Nilitafuta ile ya kuweka sauti. DJ Afro ameshatufundisha hili: unachukua filamu ya lugha ya watu, unaweka sauti ya mtu wetu juu yake, na ghafla kibanda kizima kinajua nani adui na nani shujaa. Picha za zamani ni hivyo hivyo. Bila sauti ni watu waliovaa suti kubwa. Nikaenda Kabazi na daftari na simu, nikaketi na Shosho, nikamwonyesha picha moja moja, nikarekodi.

Ilituchukua alasiri tatu. Yule kijana aliyeruka kwa sekunde mbili na nusu kwenye templeti yangu alikuwa ndugu yake Shosho aliyefuatana naye kuzaliwa. Alitoka kwenda kutafuta kazi Mombasa kabla mama yangu hajazaliwa, na hakurudi. Kwenye grupu ya watu arobaini na tatu hakuna aliyekuwa anajua kwamba Shosho alikuwa na ndugu huyo. Wote tuliiona picha. Kuna aliyeiwekea moyo.

Lile koti la Guka pia lina hadithi, lakini hiyo iko kwenye CD.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii, gharama yangu ya programu ilikuwa sufuri. Audacity kusafisha sauti, Shotcut kupanga picha na sauti, DVDStyler kutengeneza DVD yenyewe yenye menyu. Zote ni za bure na msimbo wake uko wazi, kwa hivyo hakuna muhuri kwenye paji la uso la mtu. Chagua PAL. Usikopi tu faili ya MP4 ndani ya diski ukadhani umemaliza, kwa sababu mashine nyingi za zamani hazitaisoma. Tengeneza DVD ya video kamili, na hakikisha diski imefungwa mwisho wa kuchoma. Choma kwa kasi ndogo. Menyu iwe na kitufe kimoja kikubwa. Andika juu yake kwa kalamu ya wino laini, si bairo. Halafu kabla ya kusema umemaliza, ijaribu kwenye mashine ya mwenyewe, nyumbani kwake, na umwachie rimoti yeye.

Hizo ni programu zenye sura mbaya, nakubali. Zina vitufe vya mwaka wa arubaini na saba, na hutapata templeti ya kukuonyesha vile wengine walifanya. Utatumia siku nzima kujua kwa nini sauti inatangulia picha. Binamu wa templeti alinicheka. Lakini Shosho huweka ile CD mwenyewe, akifika kwa ndugu yake anabonyeza kusimamisha, anakaa, halafu anaendelea. Anajisikia mwenyewe akieleza na wakati mwingine anajipinga: "Hapana, si mwaka huo."

Na si picha zote tulizowahi. Kati ya zile 60 kuna tatu ambazo Shosho alizigeuza, akaangalia nyuma kama kuna maandishi, akazirudisha kwenye mkebe. Alisema angemuuliza dada yake, lakini dada yake tulimzika mwaka juzi. Kwenye CD nimeziweka mwisho, sekunde kumi kila moja, bila sauti.

Mwaka juzi dada yake alikuwa hai, mkebe ulikuwa pale pale, na sisi wote tulikuwa na simu. Tulikuwa kwenye grupu, tukitumiana linki.