Kitambi si cheo

Ndugu Mhariri,


Kwetu mtu akinenepa husifiwa kuwa mambo yake ni mazuri. Akipungua, watu hunong'ona kuwa ana UKIMWI. Kwa hiyo wengi huogopa kupunguza uzito hata waambiwapo na daktari.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitaja aina 13 za saratani zinazohusiana na mafuta kuzidi mwilini. Miongoni mwao ni saratani za utumbo mpana, ini, figo, mji wa mimba, na ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Mafuta hayo hayakai bure. Hutengeneza homoni ya estrojeni, ambayo huweza kuchochea saratani ya matiti na ya mji wa mimba. Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi.

Sisemi kila mnene atapata saratani, wala kwamba mwembamba ana kinga. Wala sitaki wanene wachekwe. Lakini ushauri usiishie kwenye "punguza kula". Watoto watacheza wapi ikiwa viwanja vinajengwa maduka? Naomba halmashauri zetu zilinde viwanja, na mizani za kliniki zipime wazazi pia, siyo watoto peke yao.

Msomaji wako,
Morogoro.